Ipime Kabla ya Kusikiliza Hadithi: Kutambua Sarafu Kongwe za Asia na Kubaini za Bandia

Rupia ya fedha ya India yenye tarehe ya 1840 ina uzito wa gramu 11.66. Huo ni uzito wa tola moja, tola ile ile anayokutajia sonara wa Mombasa au Unguja ukimpelekea mkufu wa dhahabu. Haikutokea kwa bahati. Mwaka 1835 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliweka rupia moja kwa himaya yake yote, yenye uzito wa greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito cha Kiingereza), na tola nayo ni greni 180. Mwenye rupia mkononi alikuwa na pesa na jiwe la mizani kwa wakati mmoja. Hata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria ina picha ya mizani mgongoni.

Naanzia kwenye uzito kwa makusudi. Nimekusanya sarafu kwa miaka mingi, na kila nilipopata hasara ilikuwa ni kwa sababu nilimsikiliza muuzaji kwanza nikapima baadaye. "Hii aliileta babu, alikuwa baharia." "Hii ilifukuliwa kwenye msingi wa nyumba ya Mjerumani." Hadithi haina gharama kuitunga. Kughushi uzito, upana na madini kwa pamoja, bila kukosea hata kimoja, ni kazi ngumu, na waghushi wengi hawajisumbui.

Sarafu za Asia si ngeni kwetu. Neno "pesa" tulilipata kutoka paisa ya India. Rupia ilitumika Kenya hadi 1920 na Zanzibar hadi mwanzo wa 1936. Kwa hiyo mkebe wa bibi uliofichwa juu ya kabati unaweza kabisa kuwa na rupia halali. Unaweza pia kuwa na kipande cha bati kilichonunuliwa juzi.

Vifaa

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ile wanayouziwa masonara. Ongeza rula yenye milimita zinazosomeka vizuri, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku yenye nguvu, glasi ya maji na uzi mwembamba wa kushonea. Mizani ikikushinda bei, nenda kwa sonara umwombe akupimie. Wengi hawakatai, na mara nyingi yeye mwenyewe ana jambo la kukufundisha.

Hatua ya kwanza: usiisafishe

Hata kama imekuwa nyeusi kama mkaa. Usitumie limau, majivu, dawa ya meno wala brashi ya waya. Weusi wa fedha na ukijani wa shaba ni sehemu ya ushahidi, na mnunuzi mwenye ujuzi hulipa kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa. Ishike kwa ukingo, vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Hilo tu.

Hatua ya pili: ijue ni ya ukoo gani

Kabla ya kuuliza ni halali au bandia, uliza inadai kuwa nini. Sarafu nyingi za Asia zinazofika mikononi mwetu zinaingia katika makundi manne: zenye tundu la mraba katikati, zenye maandishi ya Kiarabu au Kiajemi peke yake, zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, na zile kubwa za fedha zenye joka au sura ya kiongozi.

*Zenye tundu.* Nyingi ni za China, lakini Japani, Korea na Vietnam nazo zilitumia umbo hilo hilo. Tafuta herufi mbili, 通寶, maana yake ni sarafu inayozunguka. Kwenye sarafu za nasaba ya Qing, 通 inakaa kulia mwa tundu na 寶 kushoto. Ukishaziweka hivyo, herufi ya juu na ya chini zinakuambia enzi: 康熙 ni Kangxi (1662 hadi 1722), 乾隆 ni Qianlong (1736 hadi 1795), 嘉慶 ni Jiaqing (1796 hadi 1820), 道光 ni Daoguang (1821 hadi 1850), 光緒 ni Guangxu (1875 hadi 1908). Igeuze. Sarafu ya kawaida ya Qing huwa na maandishi ya Kimanchu mgongoni, ya kusimama wima kama mizizi, yanayotaja kiwanda kilichoitengeneza. Jina la Qianlong mbele lenye mgongo mtupu ni sababu ya kutilia shaka.

Ukisoma 寛永 juu na chini, hiyo ni ya Japani, iliyoanza kutengenezwa 1636. 常平 ni ya Korea. 景興 ni ya Vietnam, na za Vietnam mara nyingi ni nyembamba na nyepesi kuliko za China. Za nasaba ya Song ni kongwe zaidi, na nyingi husomwa kwa kuzunguka kama mshale wa saa, kuanzia juu. Usishangae kukuta sarafu ya Song yenye miaka 900 ikiuzwa kwa bei ndogo: serikali ya Song ilisubu sarafu kwa mabilioni. Ukongwe peke yake hauleti thamani.

*Zenye maandishi ya Kiajemi.* Hapa msomaji wa pwani aliyepita chuoni ana faida kubwa, kwa sababu tarakimu anazijua. Mwaka ni wa Hijria. Uzidishe kwa 0.97, jumlisha 622, utapata mwaka wa Miladi kwa makadirio. Jaribu na pesa ya Barghash: 1299 mara 0.97 ni 1260, ongeza 622, unapata 1882. Rupia za Wamughali, wafalme Waislamu walioitawala India kabla ya Waingereza, huwa na miaka miwili, wa Hijria na wa utawala wa mfalme, huu wa pili ukiandikwa pamoja na neno julus.

Lakini tarehe ya sarafu haimaanishi lazima kuwa ilitengenezwa mwaka huo. Kampuni ya India Mashariki iliendelea kwa miongo kadhaa kupiga rupia kwa jina la Shah Alam II, mfalme wa Wamughali, zikiwa na mwaka wa 19 wa utawala wake, mwaka ule ule bila kuubadilisha, kwa sababu wabadilishaji fedha walikuwa wakizikata thamani rupia za miaka iliyopita. Rupia ya 1840 pia iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa karibu miaka 20.

Rupia za Wamughali zilipigwa kwa nyundo, kwa mkono, na muhuri ulikuwa mpana kuliko kipande cha fedha. Kwa hiyo sarafu halali karibu kila mara ina maandishi yaliyokatika ukingoni. Ukipewa rupia ya Mughali ambayo maneno yote yamekaa katikati, duara safi kama sahani, iulize maswali mengi. Zilikuwepo za zawadi za kifalme zilizopigwa kwa ukamilifu huo, lakini hizo hazizagai sokoni.

*Zenye kichwa cha mfalme.* Hizi ndizo nyingi zaidi kwetu. William IV ni wa 1835. Malkia Victoria ameandikwa Queen hadi 1876, na Empress kuanzia 1877. Edward VII, kichwa wazi bila taji, ni 1903 hadi 1910. George V ni kuanzia 1911, na hapo pana kisa. Kwenye joho la mfalme kulichorwa tembo mdogo, lakini mkonga wake ulikuwa mfupi hata watu wakamwona nguruwe. Waislamu wa India walilalamika, rupia nyingi za 1911 zikayeyushwa, na tembo akachorwa upya kwa 1912. Ukiwa na ya 1911, weka lenzi kwenye joho umtazame mnyama huyo.

Za George VI zinahitaji uangalifu zaidi. Ya 1939 ni adimu sana, kwa hiyo ipe ukaguzi mkali kuliko zote. Kuanzia 1940 kiasi cha fedha kilishushwa kutoka asilimia 91.7 hadi 50. Ya 1947, yenye chui milia mgongoni, haina fedha kabisa. Ni nikeli.

*Kubwa za fedha.* Yeni ya Japani yenye joka, dola za majimbo ya China zenye joka, na dola ya Yuan Shikai, rais wa China, yule mwenye kichwa kinene kisicho na nywele. Ya Yuan inasomwa kwa mwaka wa Jamhuri: jumlisha 1911. Mwaka wa 3 ni 1914, wa 8 ni 1919, wa 9 ni 1920, wa 10 ni 1921. Yeni inasomwa kwa mwaka wa Meiji, enzi ya mfalme wa Japani: jumlisha 1867. Ipo pia dola ya biashara ya Waingereza, iliyopigwa kati ya 1895 na 1935, yenye mwanamke aliyesimama na mkuki wa ncha tatu. Mgongoni ina Kichina pamoja na Kimalei kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na bila shaka kuna mzee wa Kiswahili aliyewahi kuisoma akashangaa.

Hatua ya tatu: pima

Sarafu kadhaa zinajitangazia uzito wake, na bado watu hawazipimi. Yeni nyingi za joka zimeandikwa "416 ONE YEN 900", yaani greni 416 na fedha sehemu 900 kwa 1,000. Greni 416 ni gramu 26.96. Dola ya joka ya Kwang-Tung imeandikwa "7 MACE AND 2 CANDAREENS", vipimo vya uzito vya Kichina ambavyo kwa pamoja ni kama gramu 26.9. Isome, kisha iweke kwenye mizani uone kama inasema kweli. Soma maandishi yenyewe pia herufi kwa herufi, maana waghushi hukosea tahajia za Kizungu.

Rupia kuanzia 1835 ni gramu 11.66 na upana wa milimita 30.5. Rupia ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ingawa si ya Asia, ilifuata uzito huo huo ili ikubalike sokoni, kwa hiyo kipimo ni kimoja. Dola ya Yuan ni kama gramu 26.7 hadi 26.9, upana milimita 39.

Rupia iliyotumika sana hupungua. 11.4 ni sawa ikiwa picha imesagika. 11.4 kwenye sarafu ambayo nywele za Malkia zinahesabika si sawa, kwa sababu huo uzito umepotelea wapi? Sarafu ya 9.8, weka chini uondoke. Na uzito uliozidi ni dalili mbaya zaidi, kwani kutumika hakuongezi fedha.

Dola yangu ya kwanza ya Yuan niliinunua sokoni, imefungwa kwenye kitambaa chakavu chenye harufu ya karafuu. Kitambaa kilinishawishi kuliko sarafu. Nilipofika nyumbani ilikuwa gramu 21 na ushei. Nakwambia hili ili usirudie njia hiyo hiyo.

Hatua ya nne: maji

Mghushi mwerevu anaweza kufikia uzito kwa kuongeza unene. Hapo maji yanamkamata. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na hakidhuru sarafu.

Weka glasi yenye maji juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi. Izamishe yote majini huku ukishika uzi, isiguse chini wala pembeni, na hakikisha hakuna mapovu yaliyoganda juu yake. Soma mizani. Namba utakayoona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kawaida wa sarafu kwa namba hiyo.

Fedha ya rupia au ya dola hutoa kama 10.3. Shaba nyekundu, na mchanganyiko wa shaba na nikeli, hutoa karibu 8.9. Shaba ya njano hutoa 8.4 hadi 8.7. Chuma ni 7.9.

Kwa rupia ya gramu 11.66 ya kabla ya 1940, mizani isome karibu 1.13. Ikisoma 1.31, umeshika shaba na nikeli iliyopakwa fedha. Ya 1940 hadi 1945, yenye nusu fedha, itasoma karibu 1.22, na hiyo ni sahihi kwake. Kwa dola ya gramu 26.9, tarajia 2.6. Ya bandia yenye uzito huo huo itakaribia 3. Rudia mara tatu, maana mkono hutetemeka na tofauti kwenye rupia ni ndogo.

Usijisumbue kufanya hivi kwa sarafu za tundu. Zilisubiwa kwa mchanganyiko wa shaba uliobadilika kila mara, zina vishimo, na jibu halitakusaidia.

Hatua ya tano: sumaku

Fedha haivutwi na sumaku. Rupia ya Victoria inayorukia sumaku ni chuma, mjadala umekwisha. Ila kumbuka rupia ya 1947: nikeli huvutwa, na hiyo ni halali. Nimeona mtu akiitupa kwa kudhani ametapeliwa. Kumbuka pia kwamba shaba haivutwi, kwa hiyo kufaulu mtihani wa sumaku hakuthibitishi fedha.

Hatua ya sita: ukingo, halafu uso

Watu huangalia uso kwanza, na mghushi anajua hivyo. Wewe anza na ukingo. Rupia za kuanzia 1835 na dola zilipigwa kwa mashine, na vijino vya ukingoni vina kina kimoja na nafasi moja mzunguko mzima. Kwenye dola na rupia za 1835 hadi 1939, ukiona mstari mwembamba unaozunguka ukingo katikati, au vijino vilivyofifia upande mmoja kama vimesuguliwa kwa tupa, hiyo imesubiwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Usoni, chini ya lenzi, tafuta vitundu vidogo vya mapovu na herufi zenye kona laini kama sabuni iliyotumika. Madini yaliyopigwa kwa muhuri huacha kona kali, hata pale sarafu iliposagika.

Kwa sarafu za tundu, kanuni inageuka. Hizo zilisubiwa kihalali, kwa hiyo vitundu peke yake si hatia. Mafundi walizipanga nyingi kwenye fimbo ya mraba iliyopita katika tundu, zisizunguke, wakasugua kingo zote kwa tupa pamoja. Sarafu halali inaweza kuonyesha alama za tupa hiyo, na ukingo uliolainika kwa kupita mikononi. Za bandia mara nyingi ni za shaba ya njano inayong'aa, weusi umepakwa mabondeni mwa herufi tu, na kumi za enzi tano tofauti zina upana ule ule. Hasa zile zilizofungwa kwa uzi mwekundu, ziitwazo sarafu za wafalme watano, zinazouzwa kama hirizi ya bahati. Nyingi za hizo ni za kisasa. Hakuna ubaya kuzining'iniza mlangoni, mradi usilipie bei ya ukongwe.

Ukijani nao upime. Kutu ya kweli ya shaba imeota ndani ya madini yenyewe, ni ngumu, na rangi zake zimepandana. Ya kupaka imekaa juu. Chovya pamba kwenye asitoni safi, iguse mahali padogo. Rangi ikija na pamba, jibu umelipata. Asitoni haili shaba wala fedha.

Hatua ya saba: sarafu ambazo hazijawahi kuwepo

Hizi hazina haja ya mizani. Ni vipande vikubwa vya shaba vyenye picha za Rama, Hanuman au Lakshmi, vikiwa na jina la East India Company na miaka kama 1616, 1717, 1818, na maneno "HALF ANNA" au "ONE ANNA". Kampuni haikutoa sarafu za namna hiyo. Anna ilikuwa sehemu ya 16 ya rupia; nusu anna za shaba za Kampuni kwa himaya yake yote ni za 1835 na 1845, na sarafu ya anna moja ilikuja tu mwanzoni mwa karne ya 20, ya shaba na nikeli, ikiwa na kingo za mawimbi. Hivyo vipande vya miungu ni vya ibada au vya kuuzia wageni.

Huko India vipande hivyo vimezungushiwa utapeli kwamba vinavuta punje za mchele kwa nguvu za ajabu, na watu wamepoteza akiba ya maisha. Kwetu utapeli huo umevaa kanzu nyingine, wa "rupia ya Mjerumani" inayotafutwa na mnunuzi wa nje kwa mamilioni, ila kwanza utoe pesa ya kuipima, ya dawa, ya usafiri wa mtaalamu. Nimeona familia ikiuza shamba kwa ajili hiyo, na inaniuma hadi leo. Rupia ya kawaida ya Victoria au ya Wilhelm II, kaisari wa Ujerumani, ni kipande cha tola moja ya fedha, na bei yake mara nyingi haiko mbali sana na fedha iliyomo. Mnunuzi wa kweli hukulipa. Hakuombi umlipe.

Ikiwa imetoka ardhini

Hapa mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 1945 huko Kajengwa, Makunduchi, Unguja, lilipatikana rundo la sarafu za Kichina, nyingi za Song. Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walipata kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu moja ya Yongle, mfalme wa China aliyemtuma Zheng He, kiongozi wa meli zake, baharini. Sarafu ya Yongle yenyewe si ya bei kubwa sokoni. Uzito wake uko katika mahali ilipolala, udongo uliokuwa juu yake na vigae vilivyokuwa kando yake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoeleza nani alikuja pwani yetu na lini.

Ukiipata ya namna hiyo shambani au ufukweni, acha kuchimba. Piga picha mahali penyewe, weka kijiti cha alama, usiioshe wala kuikwangua. Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Peleka taarifa kwenye ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu, na uwaonyeshe pale pale ilipokuwa, kabla mvua haijapita juu ya kijiti chako.